Ujira wa Wataalamu Waandamizi wa Masoko ya Utafutaji, Ukitazamwa Kutoka Kalemie

Mtu anapoandika maneno kwenye Google akitafuta hoteli, saruji, dawa ya kuku au chuo cha kumsomesha mwanawe, orodha ya majibu inayomtokea si kazi ya mashine peke yake, kwani nyuma yake wapo watu wanaolipwa ili jina la mwajiri wao litangulie majina ya washindani. Kazi ya watu hao huitwa masoko ya utafutaji, nayo ina matawi mawili. Tawi la kwanza ni la matangazo ya kulipia, ambamo kampuni humlipa mwenye injini ya utafutaji kila msomaji anapobofya tangazo lake. Tawi la pili, ambalo wenye kazi hulitaja kwa herufi tatu tu, SEO, ni la kuijenga na kuiandika tovuti kwa namna ambayo injini yenyewe itaipandisha juu pasipo malipo. Wanaoanza hupewa tawi moja wajifunze. Waandamizi, yaani wale waliokaa kazini miaka mingi na kukabidhiwa watu na fedha za kusimamia, aghalabu hubeba yote mawili. Makala haya yanahusu malipo ya hao waandamizi, na yanawatazama kutoka mji ambao kwa mtazamo wa haraka hauna nafasi kwao: Kalemie, makao makuu ya jimbo la Tanganyika, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Kazi yenyewe ni changa. Mwaka 1998 kampuni ya Marekani iitwayo GoTo.com, iliyoanzishwa na Bill Gross, ilianza kuuza nafasi za orodha ya majibu kwa mnada, na mwaka huo huo Larry Page na Sergey Brin wakaiandikisha Google. Huduma ya matangazo ya Google, iliyoitwa AdWords, ilifunguliwa Oktoba 2000 ikiwa na watangazaji 350. Mwaka 2018 ikapewa jina la Google Ads, na kufikia mwaka 2024 matangazo ya utafutaji pamoja na huduma zinazoambatana nayo yaliiingizia kampuni mama dola za Marekani bilioni 198 hivi. Fedha hizo zote zilitoka mifukoni mwa watangazaji, na karibu kila mtangazaji mkubwa alikuwa na mtu wa kuamua zitumike wapi, lini na kwa maneno gani. Mshahara unaozungumzwa hapa ni kipande kidogo kinachomegwa kutoka katika mto huo wa fedha, kwa hiyo anayetaka kujua ukubwa wa kipande hana budi kwanza kuujua mto unapopita.

Ili hilo lieleweke inafaa kueleza mnada unavyokwenda. Kila mara mtu anapotafuta jambo lenye faida ya kibiashara, mashine huitisha mnada wa papo hapo kati ya watangazaji wote waliosema kwamba wanayataka maneno hayo, kisha hupanga nafasi kwa kutazama hasa mambo mawili kwa pamoja, yaani kiasi ambacho kila mmoja yuko tayari kulipa kwa mbofyo mmoja na ubora wa tangazo lake na wa ukurasa linakompeleka msomaji. Kampuni yenye tangazo linalojibu swali la mtafutaji inaweza kushika nafasi ya juu kwa bei ndogo kuliko mpinzani anayemwaga fedha ovyo, na pengo hilo la bei ndilo uwanja wa mtaalamu.

Ichukuliwe mfano wa kampuni ya Arusha inayopandisha wageni Mlima Kilimanjaro, kwa kuwa ni katika utalii wa kaskazini mwa Tanzania na wa Zanzibar ambako wateja wa mbali huanzia safari zao kwenye kisanduku cha kutafutia. Tuseme kampuni hiyo hutumia dola 6,000 kwa mwezi, na kila mbofyo huigharimu dola 2, hivyo inapata wageni 3,000 kwenye tovuti yake. Ikiwa watu 2 katika kila 100 huandika kuulizia safari, maulizo ni 60; na ikiwa mmoja katika kila watano hununua, wanunuzi ni 12. Kila mnunuzi akiiachia kampuni dola 600 kabla ya gharama za matangazo, jumla ni dola 7,200, na baada ya kuondoa zile 6,000 hubaki 1,200. Sasa aingie mtaalamu mzoefu, aondoe maneno yanayowaleta watu wasionunua, kama wanaotafuta picha za mlima au kazi ya upagazi, kisha aandike upya ukurasa ili bei na ratiba vionekane mapema. Waulizaji wakipanda kutoka 2 hadi 3 katika kila 100, wanunuzi huwa 18, mapato huwa dola 10,800, na kinachobaki ni dola 4,800. Bajeti haikuongezeka hata senti moja, lakini kampuni imepata dola 3,600 zaidi kila mwezi.

Hizo dola 3,600 ndizo dari ya mazungumzo ya ujira. Mwajiri hawezi kumwongezea mtaalamu kiasi chote hicho, maana hapo hangekuwa na sababu ya kumwajiri. Wala hawezi kumpa 300 akategemea abaki, kwa sababu kampuni ya jirani nayo inajua kupiga hesabu. Lakini mtaalamu yule yule, akiwa na ujuzi ule ule na bidii ile ile, akipelekwa kwa duka la Kalemie linalotumia dola 60 kwa mwezi kwa matangazo, kwa uwiano uo huo ataliongezea duka dola 36. Ujuzi haukupungua, kilichopungua ni fedha zinazopita mikononi mwake. Vitabu vingi vya kufundishia kazi hii huliruka jambo hili na kumwahidi msomaji kwamba akijifunza zana mpya na kukusanya vyeti mshahara utamfuata, ahadi inayowanufaisha zaidi wauza vyeti.

Takwimu za Marekani zinaonyesha jambo hilo hilo kwa upana. Ofisi ya serikali ya takwimu za kazi nchini humo haina kundi la pekee la watu wa utafutaji, bali huwagawa katika makundi mawili. Wanaofanya uchambuzi na kazi za kila siku za masoko walihesabiwa, Mei 2023, kuwa na mshahara wa kati wa dola 74,680 kwa mwaka, mshahara wa kati ukiwa ni ule ambao nusu ya wafanyakazi wanapata chini yake na nusu juu yake. Mameneja wa matangazo na masoko walikuwa na dola 156,580. Pengo hilo, ambalo ni zaidi ya mara mbili, halielezwi na tofauti ya maarifa ya kiufundi, kwa sababu mara nyingi meneja ndiye aliyesahau jinsi ya kubonyeza vitufe. Linaelezwa na dhamana. Bandarini Kalemie mpagazi hulipwa kwa idadi ya magunia aliyobeba, ilhali wakala wa forodha hupatana malipo yake kwa kutazama thamani ya shehena na hasara itakayotokea hati zikikosewa. Ndivyo ilivyo kati ya anayeandika matangazo na anayeulizwa na bodi kwa nini bajeti ya robo mwaka imekwisha kabla ya wakati.

Ujira wa mwandamizi kwa hiyo hauwi namba moja. Una mshahara wa msingi. Una bonasi inayotegemea shabaha zilizokubaliwa mwanzoni mwa mwaka. Na katika kampuni changa za teknolojia huweza kuwa na hisa, yaani sehemu ya umiliki ambayo thamani yake hujulikana siku ya kuuzwa tu, na pengine siku hiyo isifike. Wanaofanya kazi katika wakala, yaani kampuni inayohudumia wateja wengi kwa pamoja, wana utaratibu mwingine: wakala humtoza mteja asilimia fulani ya fedha za matangazo, na mtaalamu hulipwa kutoka humo. Utaratibu huo una kasoro ambayo wateja huchelewa kuiona, kwani humpa wakala sababu ya kutaka bajeti ikue hata pale ambapo kupunguza kungemfaa mteja. Mtaalamu mkweli anayemshauri mteja apunguze matumizi anajipunguzia kipato mwenyewe, na ni jambo la kushangaza kwamba wapo wanaofanya hivyo.

Kalemie yenyewe, ambayo hadi miaka ya 1960 iliitwa Albertville, ilikua kwa sababu ya njia: reli ya kutoka Kabalo ilifika hapa kwenye Ziwa Tanganyika mwaka 1915, mwaka mmoja baada ya reli ya Tanganyika ya Wajerumani kufika Kigoma ng'ambo ya pili, na tangu hapo mji umeishi kwa kupokea mizigo upande mmoja na kuisukuma upande mwingine. Kiwanda cha nguo cha Filtisaf, kilichokuwa mwajiri mkubwa, kilifungwa zamani. Uvuvi, bandari, saruji ya Kabimba, biashara ya ng'ambo, ofisi za serikali na mashirika ya misaada ndivyo vinavyolisha mji. Mwaka 2015, jimbo la Katanga lilipogawanywa, Kalemie ikawa makao makuu ya jimbo jipya, na hilo likaleta ofisi na watumishi. Hata hivyo mfanyabiashara wa hapa anayepokea sabuni, unga na vifaa vya plastiki kutoka Kigoma hapati wateja kupitia Google. Wateja wake humjua kwa jina, humpigia simu, huona picha za bidhaa kwenye WhatsApp au Facebook, na bei huulizwa bandarini meli inapotia nanga. Masoko ya utafutaji humfaa yule ambaye mteja wake hamjui na yuko mbali. Palipo na mazoea na ujirani, fedha zinazowekwa huko hupotea.

Yapo pia makampuni makubwa yenye fedha za matangazo ambayo hayana haja ya utafutaji. Hakuna mtu anayeandika jina la bia kwenye Google kabla ya kuinunua, na ndiyo maana viwanda vya bia vya Kongo hujaza mabango, redio na jezi za timu. Benki na kampuni za simu ni habari nyingine, kwani watu hutafuta namna ya kufungua akaunti au ya kurudisha fedha zilizotumwa kimakosa, lakini maamuzi ya matangazo yao hufanyika Kinshasa, na kwa kiasi fulani Lubumbashi, ambako wauzaji wa mitambo na huduma za migodini nao hutafutwa na wanunuzi wa mbali. Mtaalamu mwandamizi wa Kikongo anayetaka kuajiriwa nchini mwake kwa kazi hii hasa, si kwa kazi yenye kipande chake tu, mara nyingi huishia katika mojawapo ya miji hiyo miwili.

Kipande chake tu ndicho kinachopatikana Kalemie. Matangazo ya kazi yanayobandikwa kwenye valve, yaani mbao za matangazo, za ofisi za mashirika yasiyo ya kiserikali, ambayo wakazi huyaita ONG, au yanayotolewa kupitia tovuti ya Mediacongo, hutaja afisa wa mawasiliano, na ndani ya majukumu yake, baada ya taarifa, picha na mikutano na waandishi wa habari, hupachikwa mstari mmoja kuhusu tovuti. Hata nafasi hizo hufuata mawimbi ya misaada: Umoja wa Mataifa uliifunga kazi ya kikosi chake cha MONUSCO katika jimbo la Tanganyika mwishoni mwa Juni 2022, na kikosi cha namna hiyo kinapoondoka hakiondoki na askari peke yao, bali na wakalimani, madereva, wapangaji wa nyumba na wateja wa mikahawa.

Mashirika hayo hayo yanaonyesha kwa uwazi mshahara unapokaa. Tangu mwaka 2003 Google ina mpango wa kuyapa mashirika ya hisani matangazo ya utafutaji bila malipo, yenye thamani ya hadi dola 10,000 kwa mwezi, lakini kuanzia mwaka 2018 uliwekwa sharti kwamba kila tangazo linapoonyeshwa mara 100 libofywe angalau mara 5 kwa wastani wa akaunti nzima, la sivyo akaunti husimamishwa. Kutimiza sharti hilo mwezi baada ya mwezi kunahitaji mtu anayejua kazi, na shirika la kimataifa humwajiri mtu huyo. Humwajiri wapi? Mapigano ya Watwa na Waluba yalipopamba moto jimboni Tanganyika mwaka 2016 na 2017, na maelfu kwa maelfu ya watu wakakimbilia kambi za pembezoni mwa Kalemie, habari na picha zilitoka huku, zikakusanywa na wafanyakazi wa huku; lakini mfadhili aliyeandika kwenye simu yake maneno ya kutafuta namna ya kuchangia alikuwa London, Oslo au Geneva, na aliyemtayarishia tangazo alikuwa katika ofisi ya makao makuu. Maafa yalikuwa ya Kalemie, utafutaji ulikuwa wa Ulaya, na mshahara ulibaki kwa aliye karibu na mchangiaji.

Kwa upande wa sheria za Kongo, ngazi ya mishahara imewekewa mipaka inayofaa kujulikana. Amri ya serikali ya Mei 2018 iliweka kima cha chini cha faranga 7,075 kwa siku kwa kibarua wa kawaida, na ikaweka uwiano wa 1 kwa 10 kati yake na mfanyakazi wa daraja la juu aliye chini ya wakurugenzi. Kwa siku 26 za kazi hiyo ilikuwa faranga 183,950, zaidi kidogo ya dola 110 kwa bei ya fedha ya wakati ule, na mara kumi yake ilikuwa zaidi ya dola 1,100. Mwaka 2025 kima hicho kilipandishwa hadi faranga 14,500, yaani zaidi ya mara mbili. Lakini ukipima kwa dola, siku ya kazi ya mwaka 2018 ilikuwa na thamani ya dola 4 na senti kadhaa, na ya katikati ya mwaka 2025 ilikuwa dola 5 hivi. Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ilikuwa imekwisha kuliwa na kuporomoka kwa faranga. Ndiyo sababu wenye uwezo wa kujadiliana hutaka mkataba uandikwe kwa dola hata kama malipo yatatolewa kwa faranga, na hutaka itajwe ni bei ya siku gani itakayotumika kubadilishia. Mtaalamu wa utafutaji ana haja kubwa zaidi ya kipengele hicho, kwa kuwa Google humtoza mteja wake kwa fedha za kigeni.

Nje ya Kongo, Afrika Mashariki imetoa funzo lililo wazi kuhusu mishahara ya watu hawa kupanda na kushuka. Jumia, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni iliyofanya kazi Kenya, Uganda, Tanzania na nchi nyingine za Afrika, ilikuwa shule ya vijana wengi wa masoko ya mtandao, na bajeti yake ya matangazo ilikuwa kubwa kwa kuwa wawekezaji walitaka ukuaji wa haraka. Aprili 2019 ikaingia katika soko la hisa la New York. Novemba mwaka huo huo ikafunga biashara yake Tanzania na Cameroon. Novemba 2022 wakuu wake wawili waanzilishi waliondoka, uongozi ukamwangukia Francis Dufay, na katika miezi iliyofuata nafasi zaidi ya 900 zikapunguzwa, karibu mtu mmoja katika kila watano, ofisi ya wakuu iliyokuwa Dubai ikapunguzwa sana, na matumizi ya matangazo yakakatwa. Waliokuwa wakilipwa kwa kutumia fedha za wawekezaji waligundua kwamba ujira wao ulitegemea hamu ya watu wasiowahi kukutana nao. Aliyelipwa kwa faida iliyothibitishwa alikuwa na pa kusimama, ingawa si wote waliokuwa na rekodi za kuithibitisha.

Dubai inastahili neno moja zaidi, kwa kuwa jina lake hutajwa kila wanapozungumza vijana wa fani hii. Mshahara wa Falme za Kiarabu haukatwi kodi ya mapato, na Oman, yenye watu wengi wanaojua Kiswahili, imepitisha sheria mwaka 2025 ya kutoza asilimia 5 kuanzia mwaka 2028 kwa mapato yanayozidi rial 42,000 kwa mwaka, kiwango ambacho wafanyakazi wengi hawakifikii. Hata hivyo namba za huko hupungua zikigusana na kodi ya nyumba na ada za shule. Nairobi iko karibu zaidi, na tangu Septemba 2023 Mkongo haombi viza kuingia Kenya, lakini ruhusa ya kuingia si kibali cha kazi. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Waajiri wanaoichukulia hatua hiyo kama ruhusa ya kuajiri kwa uhuru bado ni wachache.

Njia iliyobaki, na kwa Kalemie ndiyo yenye uzito, ni kuwafanyia kazi wateja wa mbali bila kuhama. Mji una faida mbili ambazo hazitajwi mara nyingi. Ya kwanza ni Kifaransa, ambacho msomi wa Kalemie hukipata shuleni na ofisini, na ambacho humfungulia Ubelgiji, Ufaransa, Uswisi na Kanada, masoko ambayo mtaalamu wa Kigoma au Mombasa hayafikii kwa urahisi. Ya pili ni saa: Kalemie hufuata saa ya Lubumbashi, ambayo wakati wa kiangazi cha Ulaya hulingana kabisa na ya Brussels na Paris, na wakati wa baridi hutangulia kwa saa moja tu, hivyo mkutano wa asubuhi wa mteja ni asubuhi ya mtaalamu pia. Washindani wapo. Antananarivo, mji mkuu wa Madagascar, umekuwa kwa miaka mingi karakana ya kuandikia makala za tovuti za Kifaransa kwa bei ndogo. Tunisia, Morocco, Senegal na Benin nazo zina watu wake. Anayeshindana nao kwa bei ya neno moja huishia kulipwa kama wao. Anayeshindana kwa hesabu za mteja, akieleza kwamba ukurasa fulani umeleta maulizo kadhaa kwa gharama kadhaa, hukuta uwanja una watu wachache.

Kazi ya mbali ina makato yake. Jukwaa la Upwork, linalowakutanisha wateja na wataalamu huru, lilianza mwaka 2023 kukata asilimia 10 ya kila malipo, na baadaye likabadilisha utaratibu. Kwa kiwango hicho cha asilimia 10, mteja akilipa dola 1,000, mtaalamu huanza na 900, kisha huja gharama za kuhamisha fedha na za kuzitoa benki au kwenye simu, kisha umeme na intaneti. Umeme wa Kalemie hutoka katika bwawa la Bendera, na anayefanya kazi na mteja wa Paris hana budi kuwa na betri au paneli za jua, kwa sababu mnada wa Google hausubiri umeme urudi. Intaneti nayo ilikuwa ya kampuni za simu peke yake kwa muda mrefu, na Wakongo hawajasahau kwamba ilizimwa nchi nzima kwa siku 20 hivi baada ya uchaguzi wa Desemba 2018. Mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, iliipa Starlink leseni Mei 2025 baada ya kuipiga marufuku mwaka uliotangulia, na kwa mji wa ziwani ulio mbali na njia kuu za mkonga, dishi la setilaiti linaweza kuwa na maana kubwa kuliko cheti kipya. Gharama hizi zote ni lazima ziingizwe katika bei anayotajiwa mteja tangu siku ya kwanza, jambo ambalo wanaoanza hulionea haya.

Suala linalozua mabishano makali zaidi ni la akili mnemba, yaani programu zinazoandika na kujibu kama binadamu. ChatGPT ilifunguliwa kwa umma Novemba 2022, na Mei 2024 Google ilianza nchini Marekani kuweka juu ya orodha yake muhtasari ulioandikwa na mashine, ambao humpa msomaji jibu bila ya yeye kubofya tovuti yoyote. Tovuti zilizoishi kwa kujibu maswali mepesi ziliumia, na waandishi waliolipwa kwa kuzijaza maneno waliumia pamoja nazo. Karakana za Antananarivo ni miongoni mwa mahali ambapo pigo hilo lina uzito. Kwa upande wa kulipia nako, Google imeendelea kuzikabidhi mashine kazi za kuchagua maneno na kupanga bei, hasa tangu ilipowafungulia watangazaji wote kampeni za aina ya Performance Max mwaka 2021, ambazo huamua zenyewe tangazo lionekane wapi.

Wapo wanaohitimisha kwamba waandamizi nao watafuata. Hitimisho hilo limefanywa haraka. Mashine inayopanga bei huhitaji kuambiwa mauzo ya kweli ni yapi, na mtangazaji anayeiambia kwamba kila aliyejaza fomu ni mteja atapata fomu nyingi na wateja wachache. Kuunganisha hesabu za duka na mashine, kutambua mibofyo ya uongo, na kumwambia mkurugenzi kwamba ongezeko analolifurahia lingetokea hata bila tangazo, ni kazi zinazozidi kuwa na thamani kadiri kazi nyepesi zinavyoondolewa. Lililo gumu ni jingine. Kazi nyepesi ndizo zilizokuwa ngazi ya chini ambayo kijana aliikanyaga miaka miwili au mitatu akijifunza kwa makosa madogo, na ngazi hiyo inapokatwa, haieleweki mwandamizi wa miaka kumi ijayo atatokea wapi. Mhitimu wa Chuo Kikuu cha Kalemie anayeingia fani hii sasa hatapata tena mwajiri wa kumlipa kwa kuandika makala mia moja zinazofanana. Itambidi aanze na bajeti ndogo ya kweli, ya hoteli ya ufukweni au ya msafirishaji anayetafutwa na wateja wa Dar es Salaam, ambayo matokeo yake anaweza kuyahesabu hadi faranga ya mwisho, hata kama malipo ya mwanzo ni hafifu.

Ikifika hatua ya mkataba, mambo yanayoamua kipato cha miaka inayofuata huwa katika vipengele ambavyo wengi huvipitia juu juu. Mshahara ghafi hutofautiana na unaofika mkononi: mwajiriwa wa Kongo hukatwa asilimia 5 kwa ajili ya hifadhi ya jamii, CNSS, na pia kodi ya mapato ya kazi, iliyozoeleka kwa jina la IPR, ilhali mtaalamu huru anayelipwa na Brussels hakatwi na mtu na hujikuta uzeeni hana hifadhi. Bonasi inayotegemea idadi ya watembeleaji wa tovuti ni rahisi kuipata na haimfai mwajiri, ambaye baada ya mwaka mmoja huifuta. Inayotegemea faida baada ya gharama za matangazo hudumu, mradi mtaalamu apewe haki ya kuziona hesabu za mauzo. Akaunti ya matangazo hufunguliwa kwa jina la mteja, mtaalamu akiwa msimamizi tu, na siku mkataba unapokwisha mlango hufungwa pamoja na historia yote ya kazi yake. Kipengele kinachomruhusu kubaki na nakala za taarifa za kila mwezi, zikiwa zimeondolewa siri za mteja, hakimgharimu mwajiri chochote kikiombwa kabla ya kutia saini; kikiombwa baada ya kuachana, mara nyingi barua pepe haijibiwi.